Ukungu una masikio: lundo la udaga la mama na magunia 11 ya karanga yaliyokataliwa

#1 MwanaUrambo (mwanzisha uzi)

Mwangaluka wakuu.

Uzi huu nimekaa nao kichwani tangu msimu uliopita. Ni mrefu, naomba mnivumilie, maana ulianza kwa hasara.

Karanga tulizing'oa mwezi wa nne hapa Urambo, mvua zikiwa bado zinadondoka. Turubai lilikuwa moja na lilishachukuliwa na mahindi, kwa hiyo karanga tukazianika chini, kwenye udongo uliofagiliwa. Nikazifunga kwenye sandarusi zikiwa na joto la jua, nikidhani zimekauka. Wiki tatu baadaye mnunuzi akaja na kipimo chake, akasaga kidogo, akachovya kikaratasi, akatikisa kichwa. Magunia 11. Nikamwonyesha: tazama, mbona safi? Na kweli, punje zenye ukungu wa kijani cha manjano hazikufika konzi moja kwa gunia. Akaniambia kaka, sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na ukungu, haionekani kwa macho, akageuza gari.

Siku nne baada ya hapo, nyuma ya nyumba ile ile, mama akafunua lundo lake la muhogo alioufunika kwa majani na magunia ili avundike udaga. Ukungu ulikuwa umetapakaa kila kipande. Mwingine kijivu wenye vichwa vyeusi kama kichwa cha pini, mwingine rangi ya chungwa, rangi kali kabisa. Mama akafurahi. "Umeiva." Akakwangua, akapondaponda, akaanika. Tuliula ugali wake na mlenda, na tupo.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia. Nilisimama pale nikaona haya, kwa sababu sikuwa na jibu la swali ambalo mtoto yeyote angeuliza: kwa nini ukungu mmoja ni dalili ya chakula kuiva, na mwingine umenifukuzia mnunuzi? Nimesoma miezi kadhaa sasa. Naleta nilichokipata, kwa sababu naamini watu wa Tabora tunahitaji kukijua kuliko watu wengi. Sisi ndio tunaolima karanga, mahindi, muhogo, tunaoanika michembe na matobolwa ya viazi vitamu.

Tuanze na kiumbe chenyewe. Ukungu ni kuvu, na mwili wake ni nyuzi. Kila uzi ni mwembamba kuliko unywele, unakua kwa ncha tu, unajigawa matawi, unaingia ndani ya punje. Hauna mdomo. Unatema vimeng'enya nje, chakula kinayeyuka, ndipo unakifyonza. Hauwezi kukimbia, hauwezi kupiga kelele, hauoni jirani. Kwa hiyo kila kitu unachotaka kufanya, iwe kupigana, kutongoza, kuonya au kuomba, unakifanya kwa kemikali. Ukilielewa hilo, mengine yote yanafuata.

Sasa sumu iliyonikosesha pesa. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa katika miezi michache. Wakauita ugonjwa X kwa kukosa jina. Chanzo kilipatikana kwenye chakula chao: mashudu ya karanga yaliyotoka Brazili, yenye ukungu uitwao *Aspergillus flavus*. Kutoka kwenye jina hilo ndipo sumu ikaitwa aflatoksini. Kuna aina B na G, na herufi hizo ni za rangi tu: chini ya taa ya urujuanimno B inang'aa bluu, G inang'aa kijani. B1 ndiyo mbaya kuliko zote. Ikifika kwenye ini, ini lenyewe likijaribu kuivunja linaigeuza kuwa kitu kinachonasa kwenye vinasaba (DNA), na mahali kinaponasa herufi moja ya maandishi ya vinasaba inabadilika. Hapo saratani ya ini ndipo inapoanzia. Mtu mwenye homa ya ini B yuko kwenye hatari kubwa zaidi, kwa sababu ini lake linapigwa pande mbili.

(Kila nikipita hapa Urambo kwenye maeneo ya ule mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kufungwa 1951, nawaza jambo hili. Walileta matrekta na wakatafuta mafuta ya kula kwa mamilioni ya pauni, na miaka hiyo yote hakuna duniani aliyejua kwamba karanga inaweza kubeba kitu kama hiki.)

Lililonishangaza zaidi ni mpangilio wa jeni. Mara nyingi jeni za kazi moja hutawanyika kwenye kromosomu mbalimbali. Kwa *A. flavus*, jeni zinazotengeneza aflatoksini, zipatazo 25 hadi 30, zimepangana mlango kwa mlango kwenye kipande kimoja cha vinasaba chenye urefu wa herufi kama 70,000. Ni kama mtaa wa mafundi: wa kwanza anaunganisha vipande vidogo vya kaboni kuwa mnyororo, anampa jirani, jirani anakunja, mwingine anaongeza oksijeni, mpaka nyumba ya mwisho inatoka B1. Katikati ya mtaa kuna jeni moja, aflR, ambayo ni nyapara. Ikinyamaza, mtaa wote unalala. Na nyapara naye ana bosi, aliyegunduliwa 2004 na kundi la Nancy Keller huko Marekani wakichunguza *Aspergillus nidulans*, ndugu wa *A. flavus*. Wakamwita LaeA. Ukimwondoa LaeA, kuvu inaendelea kuishi vizuri, lakini inaacha kutengeneza sumu zake, na hata penisilini inayoitoa inapungua mno.

Maana yake sumu na dawa vinafunguliwa na ufunguo mmoja.

Nitaendelea nikipata nafasi. Karibuni wadau.

#2 Mpita Njia 026

Nimekaa hapa. Endelea mkuu, usitukatize.

#3 MamaKaranga

Mwanangu, mimi nauza karanga za kukaanga stendi. Nikichagua zile zilizosinyaa na zenye ukungu nikazitupa, zilizobaki si salama? Na moto wa sufuria si unaua?

#4 MwanaUrambo

Shikamoo mama. Kuchagua kunasaidia sana, usiache. Sumu haisambai sawasawa kwenye gunia. Punje moja iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au iliyotobolewa inaweza kubeba sumu nyingi kuliko punje mia zinazoizunguka. Ndiyo maana konzi moja ilinitosha kuharibu gunia zima.

Lakini moto hapana, mama. Kukaanga kunaua ukungu wenyewe na kupunguza sehemu tu ya sumu, haiishi. Kemikali yenyewe inahimili joto kubwa kuliko la sufuria au la chungu cha ugali. Na zile unazotupa, naomba usiwape kuku, wala usimpe mtu akasage siagi ya karanga. Siagi ndiyo inayoficha zaidi, kwa sababu punje mbovu haionekani tena. Kiwango kinachoruhusiwa nchini ni sehemu 5 za B1 kwa kila sehemu bilioni, na sehemu 10 kwa aflatoksini zote pamoja. Jicho halifiki huko.

#5 MamaKaranga

Marahaba. Kuku nilikuwa nawapa. Naacha leo.

#6 PCB_Tabora

Mwalimu, swali. Kama jeni zipo muda wote ndani ya kuvu, kwa nini haitoi sumu muda wote? Nani anamwamsha LaeA?

#7 MwanaUrambo

Swali zuri mno hili, mwanafunzi wangu wa mbali.

Kwanza, kutengeneza kemikali hizi ni gharama. Kuvu haitumii kaboni yake bure. Inasikiliza kwanza: kuna mwanga au giza? Chakula ni sukari au mafuta? Joto? Ukame? Kuna wadudu? Mwaka 2008 ilionyeshwa kwamba kwenye *A. nidulans* LaeA anafanya kazi kwa kushikana na protini mbili, VeA na VelB. Gizani VeA anaingia kwa wingi ndani ya kiini cha seli, watatu wanashikana, na milango inafunguliwa. Kwenye mwanga VeA wengi wanabaki nje. Fikiria hapo gunia lililofungwa kwenye ghala lisilo na dirisha.

Pili, na hapa ndipo nililala nikiwaza. Jenomu za kuvu hizi, yaani vinasaba vyake vyote, zilipoanza kusomwa herufi kwa herufi, ya *A. nidulans* ikachapishwa 2005, wanasayansi waliona mitaa ya mafundi mingi kuliko kemikali walizokuwa wamewahi kuziona maabara. *A. flavus* peke yake ana mitaa zaidi ya 50. Mingi iko kimya. Wakaotesha kuvu kwenye chakula kizuri, peke yake, kwenye kisahani safi, nayo ikanyamaza. Na ingesemaje? Haikuwa na mtu wa kuzungumza naye.

Mwaka 2009 watafiti wa Jena, Ujerumani, wakaiweka *A. nidulans* pamoja na bakteria wa udongoni wa jamii ya *Streptomyces*. Mtaa mmoja uliokuwa kimya ukaamka, ukatengeneza kemikali iitwayo asidi ya oselini na jamaa zake. Ila haikutosha kuwapa maji waliyokaa bakteria. Walipaswa kugusana, uzi kwa uzi. Baadaye ikaonekana kwamba mguso ule ulibadilisha histoni, yaani zile protini ambazo vinasaba vimezungushwa kama uzi kwenye kibiringo. Zikilegea, jeni inasomeka.

Ndiyo maana nimesema ukungu una masikio. Udongo wa porini hapa Uyui una mamilioni ya majirani wanaoambiana mambo hayo usiku na mchana, na sisi tumesikia maneno machache tu.

#8 Mzee wa Mtundu

Nimesoma kwa makini. Mimi nina miaka 71. Babu zetu walihifadhi karanga kwenye vihenge, wakala, wakazeeka. Hizi sumu mbona zimeanza leo? Isije ikawa ni namna ya kutukatisha tamaa tusiuze.

#9 MwanaUrambo

Shikamoo mzee wangu. Hoja yako naiheshimu na nitaijibu kwa uzito wake.

Sumu haikuanza leo. Kilichoanza ni kuipima. Madhara yake ya pole pole yanachukua miaka mingi, mtu anafariki akiwa amevimba tumbo, anaambiwa ni ini, na hakuna anayeunganisha na chungu cha miaka ile. Lakini ikija kwa wingi inaonekana wazi. Kenya mwaka 2004 watu 125 walifariki kwa mahindi. Hapa kwetu mwaka 2016, Dodoma na Manyara, watu wapatao 20 walifariki. Hao si hesabu ya vitabuni, ni familia zilizokula ugali wa nyumbani kwao.

Na vihenge vya wazee vilikuwa na akili. Vilipitisha hewa, vilikaa juu ya ardhi, mara nyingine na moshi chini. Mimi nilifunga karanga mbichi kwenye sandarusi isiyopumua. Kosa ni langu, wala si la karanga wala la wazee.

Tena nataka kusema zaidi kuhusu wazee, hasa bibi zetu, maana udaga ni kazi yao. Muhogo mchungu una kemikali iitwayo linamarini, na ikivunjika inatoa sianidi, sumu kali. Ndani ya muhogo kimeng'enya cha kuivunja kipo tayari, lakini kimekaa kwenye ukuta wa seli na linamarini iko ndani ya seli, havikutani. Ukungu ukiota kwenye lundo unalainisha kuta zile. Vitu viwili vinakutana, sianidi inatoka, jua linaipeperusha. Watafiti waliochunguza malundo kama haya Uganda miaka ya 1990 walikuta kuvu kadhaa, kati yake *Rhizopus*, ndiye huyo wa kijivu mwenye vichwa vyeusi, na *Neurospora*, ndiye wa chungwa. *Neurospora* ndiye aliyepunguza sumu vizuri kuliko wote. Mahali ambapo njaa au haraka imewafanya watu waruke hatua hizi, ugonjwa wa konzo umepoozesha miguu ya watoto na mama zao, na Tarime waliuona miaka ya 1980.

Kwa hiyo mama yangu akiona chungwa anafurahi, na ana haki. Hajui jina lake la Kilatini, lakini amechagua kiumbe sahihi kwa kuangalia rangi, joto la lundo na harufu. Sharti moja tu: ukishakwangua, kausha upesi na kausha kabisa. Udaga unaokaa na unyevu siku nyingi unafungua mlango kwa yule wa kijani.

#10 Mzee wa Mtundu

Marahaba. Umenijibu vizuri. Hilo la moshi chini ya kihenge ni kweli, nalikumbuka.

#11 BintiNzega

Huyo wa chungwa nimewahi kumwona kwenye magunzi ya mahindi yaliyochemshwa yakatupwa, na kwenye miti iliyoungua. Ni yeye?

#12 MwanaUrambo

Huenda kabisa ni yeye, dada. Anapenda kitu kilichopitiwa na joto, kwa sababu spora zake za kizazi, yaani mbegu zake ndogo mno, zinaamshwa na joto. Moto ukipita porini, wengine wanakufa, yeye anaamka.

Na huyo, ndugu zangu, ana heshima kubwa duniani. Mwaka 1941 George Beadle na Edward Tatum walichukua ndugu yake, *Neurospora crassa*, wakampiga mionzi ya eksirei ili kuharibu jeni ovyo ovyo. Kisha wakapima mmoja mmoja: nani ameshindwa kujitengenezea kitu alichokuwa anakiweza? Wa 299 alikuwa hawezi tena kutengeneza vitamini B6. Ukimpa vitamini anakua, ukimnyima anakwama. Kutoka hapo wakaonyesha kwamba jeni inafanya kazi kwa kuongoza kimeng'enya chake. Wakapewa Tuzo ya Nobel 1958. Baiolojia ya molekuli nzima imepita mlango huo, mlango wa ukungu wa chungwa ambao mama yangu anaukwangua kwa kisu.

Jenomu yake ilisomwa 2003: kromosomu 7, jeni kama 10,000.

Sasa nikueleze anavyozungumza, maana hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Spora mbili zikiota karibu karibu, kila moja inatoa uzi mchanga, na nyuzi hizo zinatafutana. Tatizo ni hili: ikiwa zote mbili zinatoa ishara ile ile na zote zinasikiliza ishara ile ile, kila moja itaisikia sauti yake yenyewe na kuchanganyikiwa. Zinafanyaje? Zinapokezana. Protini moja, MAK-2, inakusanyika kwenye ncha ya wa kwanza wakati protini nyingine, SO, iko kwenye ncha ya wa pili. Baada ya dakika chache wanabadilishana. Mmoja anasema, mwingine anasikiliza, kisha zamu inageuka, hivyo hivyo mpaka wanagusana, kuta zinafunguka, wanakuwa mwili mmoja. Jambo hili lilionekana 2009 kwa darubini. Mimi darasani nina watoto 90, na kupokezana kuzungumza bado tunajifunza.

Na yule wa kijivu, *Rhizopus*, na ndugu zake wa jamii ya *Mucor*, wana lao. Wana jinsia mbili zisizotofautiana hata kidogo kwa macho, kwa hiyo Albert Blakeslee aliyezigundua 1904 akaziita jumlisha na kutoa. Kila mmoja anachukua karotini, ile rangi ya karoti, anaivunja na kuanza kuitengeneza kuwa asidi ya trispori, lakini hawezi kumaliza peke yake. Nusu ya jumlisha inavuka kwenda kwa kutoa, nusu ya kutoa inavuka kwenda kwa jumlisha, na kila mmoja anaikamilisha ya mwenzake. Barua ya posa haisomeki mpaka wameiandika wawili.

#13 KidoleGumba

Hii ya nusu barua imenigusa. Naendelea kusoma kimya kimya.

#14 Nesi Mstaafu

Nimefanya kazi zahanati za Sikonge miaka 30. Mmeongea sumu, ongeeni na dawa. Watoto wenye mapunye kichwani nimewapa griseofulvini maelfu kwa maelfu. Na PPF, ile sindano ya penisilini, nimechoma mpaka mkono ukauma.

#15 MwanaUrambo

Asante sana mama, shikamoo. Zote mbili ni maneno ya ukungu.

Penisilini mnaijua: Alexander Fleming, London, 1928, kisahani kilichoingiliwa. Lakini ule ukungu wa Fleming ulikuwa bahili. Uliolisha dunia ni mwingine wa jamii hiyo, uliotolewa 1943 kwenye tikiti lililooza kule Peoria, Marekani. Wakaupiga eksirei na mionzi ya urujuanimno kizazi baada ya kizazi, wakichagua mkarimu kuliko wenzake. Miaka mingi baadaye, jeni ziliposomwa, ikaonekana walichokuwa wanachagua bila kujua: baadhi ya mbegu hizo za viwandani zilikuwa zimerudufu ule mtaa wote wa jeni za penisilini, nakala juu ya nakala.

Griseofulvini ndiyo inayonivutia zaidi. Ilipatikana 1939 kutoka kwa *Penicillium griseofulvum*. Ni kuvu inayoipiga kuvu mwenzake: uzi wa adui unajikunja kunja, unashindwa kwenda mbele, kwa sababu dawa inashika nguzo ndogo za ndani ya seli zinazotumika seli inapogawanyika. Mapunye yenyewe ni kuvu nyuzi. Kwa hiyo mama, miaka 30 ulikuwa unapeleka silaha ya ukungu mmoja kwenye kichwa cha mtoto ili impige mwingine.

Siklosporini inayowezesha mtu kuishi na figo ya mwenzake nayo ni ya kuvu iliyotoka kwenye udongo wa Norwei. Dawa za kushusha lehemu zilianzia kwa Akira Endo wa Japani, aliyepima kuvu maelfu mpaka akaipata moja kwenye *Penicillium citrinum*.

#16 Mkulima Halisi

Haya yote sawa, lakini nasikia sasa wanauza mtama wenye ukungu wa *Aspergillus* tumwage shambani kwa hiari. Yaani mwizi ameingia, unamwongezea ndugu zake? Tena ukisema wana jinsia na wanaoana, si watazaa wenye sumu?

#17 MwanaUrambo

Mkuu, hili ndilo swali lililonifanya nisome zaidi ya yote.

Unazungumzia Aflasafe. Ni mtama uliokaangwa ukafa usiote, ukapakwa spora za *A. flavus* wa hapa hapa Tanzania ambao hawatengenezi aflatoksini. Si wa kubadilishwa maabara. Walitafutwa kwenye mashamba yetu, kwa sababu asili yenyewe imejaa ndugu hawa wasio na sumu. Wengine wamepoteza vipande vya ule mtaa wa jeni, wengine wana herufi moja iliyokosewa kwa fundi wa mwanzo kabisa, na kazi inakwama hapo. Yule mmoja maarufu wa Marekani hana mtaa wote, umefutika.

Unamwaga kilo 4 kwa ekari wiki mbili au tatu kabla ya maua, udongo ukiwa na unyevu. Wasio na sumu wanakula mtama, wanatoa spora kwa wingi, wanawahi nafasi. Mwenye sumu akija anakuta viti vimejaa.

Kuhusu kuoana. Hapa kuna jambo zuri la jeni. Nilisema nyuzi za kuvu zinaungana. Lakini si na yeyote. Zina jeni za kutambuana, na zikitofautiana hata kwenye moja, sehemu iliyoungana inakufa papo hapo. Kwa hiyo *A. flavus* wamegawanyika kwenye makundi mengi yasiyochangamana, kama koo. Aflasafe inachanganya koo nne tofauti, kila moja imethibitika kuwa haina sumu. Kwa njia ya kuungana nyuzi, jeni ya sumu haivuki kirahisi kutoka ukoo mmoja kwenda mwingine.

Kuoana kwa jinsia kupo pia, kuligunduliwa kwa *A. flavus* mwaka 2009, na kunaweza kuchanganya koo. Hilo silifichi. Ila linachukua miezi, kupitia vijiwe vyeusi vya kuvu vinavyolala udongoni, wakati kuenea kwa spora shambani ni jambo la siku. Kwa msimu wako mmoja, anayeshinda ni mwenye wingi. Na mwenye wingi leo shambani kwako, usipofanya kitu, unamjua?

#18 Mkulima Halisi

Hapo umeniweka sawa. Mimi gugu la kiduha ndilo limenimaliza kwenye mahindi, kina maua mazuri kweli lakini ni muuaji. Nacho kina uhusiano na kuvu?

#19 MwanaUrambo

Kina, na kinaumiza moyo.

Mahindi yakikosa fosforasi, mizizi inatoa kemikali ziitwazo strigolaktoni. Ya kwanza kati yake ilipatikana 1966, na kwa miaka karibu 40 zilijulikana kwa ubaya tu: zinaamsha mbegu za kiduha. Watu wakajiuliza, mmea gani unamwita muuaji wake? Mwaka 2005 Kohki Akiyama na wenzake Japani wakapata jibu. Ule wito ulikuwa wa kuvu wa mikoraiza, wanaoishi na mizizi na kuiletea fosforasi kutoka mbali. Wakiusikia, nyuzi zao zinajigawa matawi mengi kutafuta mzizi. Kiduha kimejifunza kudukua simu hiyo. Mbegu yake inakaa udongoni miaka mingi ikisubiri kusikia mmea wenye njaa ukimwita rafiki.

Ndiyo maana kiduha kinatesa zaidi shamba lililochoka. Samadi na mbolea ya fosforasi zinapunguza kelele za wito. Na ukizungusha na karanga au pamba, mizizi yake inaamsha mbegu za kiduha halafu hazina pa kujishikiza, zinakufa.

#20 Mrina Asali

Mimi wa porini Sikonge. Uyoga wa kichuguu nao ni kuvu nyuzi?

#21 MwanaUrambo

Ndiyo mkuu, ni *Termitomyces*. Mchwa wanaulima chini, na kilimo hicho kilianzia hapa hapa Afrika miaka kama milioni 30 iliyopita. Uyoga unaouchuma ni ua tu, shamba liko ndani. Uyoga mwingine unaoota chini ya miyombo na mitundu nao umeshikana na mizizi ya miti hiyo. Ukikata miti kwa ajili ya kukaushia tumbaku, uyoga huo unaondoka nayo.

#22 MamaKaranga

Mwanangu, kabla hujafunga, nitajuaje zimekauka? Kipimo sina.

#23 MwanaUrambo

Kwa mahindi, mama: chukua chupa kavu, weka punje na chumvi kavu kidogo, tikisa dakika moja au mbili, acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye punje au kwenye chupa, bado. Karanga zinataka ukavu zaidi ya hapo, ziwe chini ya asilimia 8 ya maji. Zikiwa na maganda, tikisa sikioni. Zikikauka zinagonga gonga ndani, na ganda la ndani linatoka ukilisugua kwa vidole. Na turubai, mama. Turubai kabla ya mbegu. Mwaka huu nimenunua mawili.

#24 PCB_Tabora

Mwalimu, tupo Urambo likizo hii, tuko wanne. Tunaweza kuja kumwona huyo wa chungwa kwa darubini?

#25 MwanaUrambo

Mama anavundika lundo jingine Alhamisi, kwa hiyo Jumamosi asubuhi litakuwa limeiva. Njooni saa mbili kabla hajakwangua, nimeshamwomba atusubiri. Leteni vioo vya darubini na utepe wa plastiki wa kunata. Utepe unaugusisha juu ya ukungu, unaubandika kwenye kioo, basi. Spora utaziona kama shanga zimetungwa. Na mkifunua lundo msipulize, wala msikae upande upepo unakoelekea. Spora zake ni nyepesi mno, zikiingia darasani kwangu kila kisahani kitageuka chungwa.